Wanne wa Makongolosi wanataka kwenda China bila dalali

*Mimi ni mchimbaji mdogo hapa Makongolosi, umri wangu miaka 31. Tupo marafiki wanne tuliokaa darasa moja tangu shule ya msingi. Mmoja ana duara, yaani shimo la dhahabu, ambalo mwaka huu limemtoa, mmoja anaendesha karasha ya kusaga mawe, mmoja ni mwalimu, na mimi nanunua marudio, ule udongo uliokwisha kusagwa, na kuyapeleka kuchenjua. Mwezi wa kumi tunataka kwenda China kutembea, siyo biashara. Tumepanga Guangzhou, ile milima ya nguzo tunayoiona kwenye simu, daraja la kioo, Beijing kwenye Ukuta Mkuu, na Shanghai kama muda utaruhusu. Siku 16. Tunataka twende wenyewe, tupande treni wenyewe, tulale tutakapopenda.*

*Sasa mambo yameanza kuwa mengi. Dalali mmoja wa Dar anasema bila yeye hatutatoboa, na anataka milioni 9 kwa kila kichwa. Mwenye karasha anasema hawezi kufika China akarudi mikono mitupu, lazima aagize mtambo. Mwalimu hana hela, ila mwenye duara amesema, "Twende tu, hela ni yangu." Nilipaswa kufurahi, lakini Anti, roho haitulii. Tena mama mmoja wa sokoni amesikia tunasafiri, ametuomba tumpelekee mdogo wake wa Guangzhou mfuko wa dagaa na viungo. Na mke wangu ananicheka: mnafuata milima China, kwani Mbeya imekwisha milima? Tufanyeje?*

*Mchenjuaji, Makongolosi*

Mwanangu, nianze na mfuko wa dagaa, maana mengine yote yanaweza kungoja wiki na huo hauwezi. Kama mmeshaupokea, urudisheni leo. Sisemi mama huyo ana nia mbaya. Huenda ni dagaa kweli, tena wazuri wa Nyasa. Lakini forodha ya China hairuhusu abiria kuingia na samaki wala nyama, kwa hiyo hata ukiwa mfuko safi utaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege. Na ukiwa si safi, aliyeubeba ndiye mwenye mzigo. Sheria yao kwa anayesafirisha heroini ya kuanzia gramu 50 inafika hadi hukumu ya kifo, na wapo Watanzania waliozeekea magereza ya China bara na Hong Kong kwa mizigo ya namna hiyo. Mtu akiwakasirikia kwa kukataa kumbebea mfuko, mwacheni akasirike.

Nikiwa hapohapo kwenye mizigo: asitokee mmoja wenu akaweka vipande vya dhahabu kwenye soksi eti vitamfaa njiani. Mahali pa kuuzia ni soko la madini la Chunya, na dhahabu haitoki nchini bila kibali. Fedha taslimu nazo zina sheria. Ukitoka Tanzania na zaidi ya dola 10,000 unatamka, na ukiingia China kiwango cha kutamka ni dola 5,000. Wachimbaji mnapenda kutembea na noti, nawajua.

Kuhusu dalali, milioni 9 peke yake hainiambii kama mnaibiwa, mpaka nijue imebeba nini. Kama ndani yake imo tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, viza, hoteli zote na treni, si bei ya kushangaza. Mwambieni aandike kila kitu kwa jina na kwa bei: ndege ya shirika gani, hoteli inaitwaje, iko mtaa upi. Akianza kuzungukazunguka, mmeshapata jibu. Na kama mpango wake ni kuwatafutia barua ya mwaliko ya kampuni msiyoijua, mkimbieni. Viza ya matembezi kwao ni L, ya biashara ni M. Ukiomba M wakati unakwenda kupanda milima, umeanza safari kwa uongo kwenye karatasi ya serikali ya watu.

Ukweli ni kwamba mnaweza kwenda wenyewe. Pasipoti mnaombea Uhamiaji, ada yake ni shilingi 150,000. Viza inaombwa Ubalozi wa China, Dar es Salaam: fomu, picha, pasipoti yenye uhai wa kutosha, tiketi ya kwenda na kurudi, hoteli mlizoshika, na taarifa ya benki. Hapo kwenye taarifa ya benki ndipo watu wa machimboni wanapokwama, wala si kwa kukosa hela. Hela ya dhahabu inaingia mkono huu na kutoka mkono ule, akaunti imelala mwaka mzima, halafu wiki moja kabla ya kuomba viza inaingia milioni 15 kwa mkupuo. Ofisa yeyote ataiangalia mara mbili. Anzeni sasa kupitisha mauzo yenu benki, na tunzeni stakabadhi za sokoni, kwa sababu ndizo zinazoeleza hela imetoka wapi. Mwalimu kwa hili anawashinda nyote: ana barua ya mwajiri na mshahara unaoonekana kila mwezi. Hoteli shikeni zile zinazoruhusu kughairi bila kukatwa, viza isipotoka msipoteze.

Mwezi wa kumi siupendi. Tarehe 1 hadi 7 Oktoba ni mapumziko ya Sikukuu ya Taifa, na China nzima hutoka nyumbani siku hizo. Tiketi za treni zinaisha, na kule kwenye nguzo mtaziona nyuma ya visogo vya watu. Ikipita sikukuu, tarehe 15 yanafunguliwa Maonesho ya Canton pale Guangzhou, yale yaliyoanza mwaka 1957, na hoteli za mji zinapandisha bei hadi mwanzoni mwa Novemba. Kama mnaweza kuwahi, nendeni katikati ya Septemba. Mkishindwa, katikati ya Novemba, mvua zikianza kujaza maji kwenye maduara na kazi imepungua. Ila Novemba kule milimani kuna baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba, na ninyi watu wa Makongolosi mkipanda tu hadi Mbeya meno yanagongana. Bebeni makoti.

Kuna jambo moja kwenye ratiba yenu linanionyesha kuwa mmeipanga kwa kutazama simu. China ina ukubwa wa mara kumi ya Tanzania. Guangzhou, milima, Beijing na Shanghai kwa siku 16 ni kuhamahama na masanduku mgongoni. Toeni Shanghai. Ni jiji zuri, lakini majengo marefu mtakuwa mmeshayaona Guangzhou hadi mchoke. Badala yake wekeni Guilin. Treni ya kasi kutoka Guangzhou inafika kwa takriban saa tatu, na ukiendelea hadi Yangshuo na kijiji cha Xingping utasimama ukingoni mwa Mto Li, utoe noti ya yuani 20, uigeuze nyuma: vilima vilivyochorwa pale ndivyo vilivyo mbele yako. Watalii wote wanapiga picha hiyo wakiwa wameinua noti. Pigeni na ninyi, hakuna aibu.

Kutoka hapo mnapanda kwenda Changsha, kisha Zhangjiajie, ambako ndiko kwenye milima yenu. Mkeo ana hoja, na hoja yake ina vipimo. Mlima Tianmen una mita zipatazo 1,500, wakati jiji la Mbeya lenyewe limekaa kwenye mita kama 1,700, na Rungwe inakaribia 3,000. Kwa kimo, mtakuwa mmetoka juu kwenda chini. Mnachokifuata ni mwamba. Kule kuna nguzo za jiwe la mchanga kwa maelfu, nyingine zimesimama mita mia mbili na zaidi, wima kama zimepigwa pima maji, na miti imeota juu kabisa. Maji na barafu vimekula sehemu laini kwa muda mrefu mno na kuacha sehemu ngumu. Ninyi mnaoamka kila siku kusoma mwamba, kujua upi umebeba na upi mtupu, mtakaa pale mkibishana hadi jua lizame, na mtalii wa kawaida hatajua mnabishania nini. Mwambie hivyo mkeo. Akicheka tena, mwambie mwakani ni zamu yake.

Watu wengi huwa wanachanganya kitu kimoja, nanyi msije mkapoteza siku. Nguzo, mlima wa Tianmen, na daraja la kioo ni sehemu tatu tofauti, kila moja na tiketi yake, na ziko mbalimbali. Nguzo zimo katika hifadhi ya Wulingyuan, na ili kuziona laleni mji mdogo wa Wulingyuan ulio langoni, siyo Zhangjiajie mjini. Zipeni siku mbili kamili. Kuna lifti imebandikwa kwenye jabali inayopanda mita 326, foleni yake ni ndefu mchana, kwa hiyo wahini asubuhi. Tianmen unaifikia kwa kebo inayoanzia katikati ya mji, urefu wake karibu kilomita 7 na nusu, inapita juu ya mapaa ya nyumba za watu kabla haijaushika mlima. Ukifika kuna tundu kubwa kwenye mwamba, na ngazi 999 kuliendea. Daraja la kioo lilifunguliwa mwaka 2016, lina mita kama 430 na chini yake kuna bonde la mita 300. Nawasihi wekeni siku moja ya akiba, kwa sababu ukungu ukishuka huoni nguzo, huoni bonde, unaona koti la mwenzako tu. Kama siku hazitoshi, kiacheni kioo. Mtu aliyeteremka duara kwa kamba hana anachojifunza pale.

Kutoka Changsha hadi Beijing ni kilomita zinazokaribia 1,600, na treni ya kasi inazimaliza kwa takriban saa sita. Basi letu la Dar hadi Mbeya linakula siku nzima kwa nusu ya hapo. Tiketi ni pasipoti yako: jina lililoandikwa liwe lilelile, herufi kwa herufi, na tiketi zinaanza kuuzwa siku 15 kabla. Angalieni jina la stesheni. Guangzhou ina zaidi ya moja, na aliyekwenda isiyo yake hakuna anayemsubiri. Geti linafungwa dakika chache kabla ya muda. Mizigo inakaguliwa, visu vya mfukoni vinabaki hapo. Kila behewa lina bomba la maji ya moto, hivyo bebeni chupa ya chai na majani yenu ya Rungwe. Kwa Ukuta Mkuu, kipande cha Mutianyu kina nafuu ya msongamano kuliko Badaling. Mkisikia habari za Tibet, achaneni nazo safari hii: mgeni haruhusiwi kuingia bila kibali maalumu na kampuni ya kumwongoza. Na mkishawishiwa kuchungulia Hong Kong, kumbukeni kwamba ukivuka kwenda huko umehesabiwa umetoka China; viza ya kuingia mara moja itakuwa imekufa na mtakwama mpakani.

Simu zitawasumbua siku ya kwanza. WhatsApp, Google, Facebook, Instagram na YouTube havifanyi kazi kwenye intaneti ya kule. Laini ya nyumbani ikiwa imeunganishwa kutumika nje, kwa kawaida hupita, kwa hiyo ulizeni mtandao wenu bei kabla ya kuondoka. Pakueni Alipay na WeChat mkiwa bado Mbeya, mziunganishe na kadi ya Visa au Mastercard ya benki, mzijaribu. Kule hata muuza viazi vya kuchoma ana kile kimraba cha kuskani. Taslimu inapokelewa kisheria, lakini utamkuta muuzaji hana chenji, anakuangalia, nawe unamwangalia. Ramani tumieni Amap. Anwani ya hoteli iwe imeandikwa kwa Kichina kwenye karatasi, mwonyesheni dereva. Kiingereza chenu na chake havitakutana.

Kila mgeni lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike mahali. Hoteli inawafanyia yenyewe, ila mkilala kwa Mtanzania mwenzenu, mnakwenda kituoni pamoja naye. Nyumba ndogo za wageni nyingine zitawakataa, hivyo mnaposhika chumba hakikisheni wanapokea wageni wa nje. Viza ikiisha na bado upo, faini ni yuani 500 kwa siku hadi 10,000, au mahabusu. Tanzania ina ubalozi Beijing na ubalozi mdogo Guangzhou. Polisi wa kule ni 110, gari la wagonjwa 120.

Mtaangaliwa. Mtapigwa picha, mtoto atataka kugusa nywele. Nilipokuwa nakwenda China kufuata mzigo wa viatu nilikuwa nakubali asubuhi na kukataa jioni nikichoka, na hakuna aliyeninunia. Sitawaficha kwamba Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika walitolewa kwenye nyumba na hoteli Guangzhou, na serikali zetu zikalalamika. Leo watu wetu wamejaa tena mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, wanapika, wananyoa, wanafunga mizigo. Nendeni mle siku ya kwanza. Kuna chakula mnachokijua, na maneno ya Kiswahili yatawafikia barabarani. Asiyekula nguruwe kati yenu atafute vibanda vya tambi za Lanzhou, ni vya Waislamu na viko kila mji.

Sasa huyu wa karasha. Mwambieni hapana, tena mwambieni mkiwa bado Makongolosi. Anafikiri mitambo iko Guangzhou kama vitenge vilivyo soko la Mwanjelwa. Guangzhou ataona picha zake tu. Karasha nyingi zinatengenezwa Zhengzhou, mkoa wa Henan, na mitambo ya kutenganisha dhahabu ina viwanda vingi mkoa wa Jiangxi. Kufika huko, kuwasha mashine, kuilisha mawe, kuuliza vipuri, kujadili bei, ni siku nne tano za mtu mmoja, na wenzake watatu wamekaa hotelini wanalipa chumba. Mtambo lazima pia ukaguliwe ubora kabla haujapakiwa melini, maana TBS inadai cheti. Akitaka, afunge safari yake mwenyewe baadaye, kwa viza ya M, na asitume hela kwenye akaunti ya mtu binafsi hata kama mtu huyo anatabasamu namna gani. Safari hii akusanye kadi za biashara, basi.

Nimekuja kwenye lile linalokunyima usingizi. Umeandika mstari mmoja tu juu yake, lakini barua nzima imeandikwa kwa ajili ya mstari huo. Mwenye duara anasema hela ni yake. Sasa nikuulize: kule kwenye duara, mnateremka kabla ya kukubaliana mgao? Mwenye eneo anajua chake, mwenye duara chake, wachimbaji chao, na mifuko inahesabiwa mbele ya wote. Hakuna anayengoja hadi dhahabu ionekane ndipo aulize. Mbona safari ya wiki mbili, yenye hela nyingi kuliko mifuko ya siku moja, mnataka kuiingia kwa "twende tu"?

Tabu ya kulipiwa kila kitu haianzi siku ya kwanza. Inaanza siku ya sita, watu wamechoka, mvua inanyesha, mwenye hela anataka kwenda Beijing leo na mwalimu anataka kubaki kuona nguzo siku moja zaidi. Mwalimu hatasema. Atanyamaza, kwa sababu tiketi yake iko kwenye simu ya mwenzake. Mwenye hela ataona kile kimya ni kisirani, naye hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Ikifika hapo mtu mzima anaomba hela ya maji ya kunywa katika nchi asiyojua kusoma hata kibao cha choo. Urafiki wa tangu darasa la kwanza unaweza kufia hapo, na mkirudi kila mtu atakuwa na upande wake wa hadithi pale kijiweni.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mwenye duara, kama kweli anatoa, atoe sasa, kiasi kinachojulikana, kiingie kwenye akaunti ya mwalimu mapema kabla ya kuomba viza. Kiwe zawadi au kiwe mkopo, watamke wenyewe wawili, na wewe ukae pembeni uwe shahidi. Mwalimu ashike tiketi yake ya kurudi, kadi yake, na akiba ya kulala siku tatu peke yake bila kumwomba mtu. Ninyi wengine vilevile, kila mmoja na yake. Vitu vya pamoja kama teksi na chakula, wekeni mfuko mmoja wa kila siku, kiasi sawa kwa wote, na mtunza mfuko awe mwalimu; mtu aliyezoea kusimamia hela ya madawati ya shule hatawapotezea yuani. Mkubaliane pia kwamba anayetaka kubaki siku moja nyuma ana ruhusa, mtakutana mji unaofuata, bila kununa.

Mwenye duara anaweza kuona unamdharau ukimletea maneno haya. Usimwendee mbele ya wenzake, wala usimwendee siku anayonunua bia. Mfuate asubuhi kwenye duara, umwambie kwa kifupi kwamba unamtaka mwalimu awe rafiki yake safarini na siyo mfuasi wake. Kama ni mtu unayeweza kusafiri naye, atakasirika siku mbili na siku ya tatu atakupigia kuuliza namba ya akaunti ya mwalimu. Asipopiga, bado tiketi hamjakata. Nendeni wawili, wewe na mwalimu, Matema, mkae wiki ziwani, na China mwiahirishe hadi mwalimu naye apate yake.